Haki ya Mwathiriwa Ianzie kwenye Lugha Yake

Wahenga walisema kuwa kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Katika kesi za jinai nchini Kenya mambo huwa kinyume. Kesi huitwa ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa; aliyeumizwa huwa shahidi tu, naye hungoja kuitwa. Maoni yangu ni kwamba lugha ndiyo mlango wa kwanza wa haki ya mwathiriwa, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna deni katika jambo hili.

Haipingiki kuwa sheria imepiga hatua. Kifungu cha 50(9) cha Katiba ya 2010 kiliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda waathiriwa, nayo ikapitishwa mwaka wa 2014. Sheria hiyo inampa mwathiriwa haki ya kuwapo kesi inaposikizwa, yeye mwenyewe au kupitia kwa mwakilishi, kutoa maoni yake, kulindiwa faragha na usalama wake, na kudai fidia. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi, mradi asigeuke kiongozi wa pili wa mashtaka.

Je, haki hizi humfikiaje mkaazi wa Eastlands? Tuchukue mfano wa mtoto wa Dandora au Kayole aliyenajisiwa. Mzazi anapaswa kumfikisha hospitalini, tuseme Mama Lucy Kibaki, kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Kituoni, tukio huandikwa katika kitabu cha matukio, kisha ikafuata fomu ya P3, ambayo hujazwa kwa Kiingereza. Mtoto husimulia kwa Kiswahili au Sheng. Aghalabu afisa huandika taarifa kwa Kiingereza. Mzazi hutia sahihi maneno ambayo pengine hawezi kuyahakiki.

Na mtoto huyo husema nini? Mara nyingi husema, "Alinifanyia tabia mbaya." Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua kwamba hiyo ni tasfida. Lakini ikitafsiriwa neno kwa neno, unajisi hugeuka kuwa utovu wa adabu, ilhali Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hudai kitendo chenyewe kithibitishwe. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufani ilitambua kwamba watoto hutumia tasfida za aina hii kwa sababu ya haya na uchungu. Uamuzi huo ni wa busara, ila ulitoka juu ya ngazi. Mtoto wa Dandora huanzia chini, mezani pa afisa anayeandika.

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya sheria. Hoja hiyo haina mashiko. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Aidha, kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, ikiwemo ile ya Makadara inayohudumia Eastlands. Mshtakiwa naye amehakikishiwa na Katiba mkalimani bila malipo iwapo haelewi lugha ya kesi. Wengine watasema kuwa umaskini na hofu ya kulipiziwa kisasi ni vizuizi vikubwa zaidi. Ni kweli vina uzito, lakini asiyejua kilichoandikwa kwa jina lake atadai nini?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, taarifa iandikwe kwa maneno yale yale ya mwathiriwa, tafsiri ifuate, na asomewe kabla ya kutia sahihi. Pili, fomu ya P3 na maelezo ya haki za waathiriwa yapatikane kwa Kiswahili katika kila kituo. Tatu, idara zetu za Kiswahili zikusanye tasfida zinazotumiwa mitaani na kuwafunza maafisa maana zake. Sisi wenyewe bado twavutana kati ya mwathiriwa, mwathirika, mhasiriwa na mhanga, ingawa mhanga hubeba dhana ya kafara, na aliyenajisiwa si kafara ya mtu. Tasnifu kuhusu tasfida katika riwaya tunazo. Sasa tuzichunguze zile zilizomo katika majalada ya Makadara.