Kaa la Chetezo Angani



Jengo letu hapa Hurlingham, Nairobi, lina sutuhi ambayo mchana huanikwa nguo na usiku haina mtu. Taa za Barabara ya Argwings Kodhek na za majumba ya Upper Hill zimeufuta ule ukanda mweupe wa nyota ambao sisi wa mwambao tulilala tukiutazama utotoni. Nilidhani anga ya hapa haina tena cha kuonyesha, hadi alipokuja shangazi.

Shangazi amevuka sabini. Alikuja kutoka Mombasa mwezi wa Desemba kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifanywa, likapona. La kushoto alilikataa. “Moja lanitosha,” alisema, “hili nitakwenda nalo kaburini.” Tulimbembeleza wiki nzima, haikufaa kitu. Si mtu wa kushurutishwa, na mwenye jicho ni yeye.

Mwishoni mwa Januari binti yangu alikuwa akiitafuta nyota moja kwa darubini ya macho mawili, ile tuliyoinunua kwa ajili ya kwenda mbugani, yenye kukuza mara 10 na vioo vya milimita 50. Nyota yenyewe huitwa R Leporis, nayo ni katika zile zijulikanazo kama nyota za kaboni. Shangazi aliposikia kwamba ni nyekundu, aliuliza kama si nyota ya nuhusi. Nilimkumbusha siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.): jua lilipatwa, watu wakalihusisha na msiba ule, naye Mtume akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Aliridhika. Akaomba shali, maana Nairobi usiku ina baridi, akapanda ngazi pamoja nasi.

Nyota hizi ni majitu yaliyozeeka. Ndani kabisa heliamu huungua ikageuka kaboni, na mchafuko wa gesi huipandisha kaboni hiyo hadi juu. Katika nyota nyingi oksijeni huizidi kaboni. Hapa mambo yamepinduka. Oksijeni karibu yote hushikwa na kaboni, na kaboni inayosalia huwa molekuli na vumbi mfano wa masizi. Aliyekulia katika nyumba ya kandili anajua chemni ikishika masizi taa huwaje: mwanga haufi, bali hupoteza weupe wake. Ukungu ule wa kaboni humeza buluu na kuuachia wekundu upite, nao hutufikia baada ya safari ya zaidi ya miaka elfu moja.

Mwaka 1845 Mwingereza John Russell Hind aliitazama R Leporis akiwa London, akaifananisha na tone la damu juu ya uwanja mweusi. Nina ugomvi kidogo na tone hilo, kwa kuwa limewavunja moyo wengi. Nyota hii hupanda na kushuka kwa muda wa takriban miezi 14. Inapong'aa sana hukaribia kuonekana kwa macho matupu penye giza, lakini rangi yake huwa ya shaba zaidi kuliko damu. Inapofifia ndipo huwa nyekundu hasa, na wakati huo darubini yetu haiifikii kamwe. Hutakiwa ya bomba, tena kubwa kidogo. Kwa bahati, usiku ule ilikuwa bado ina nguvu.

Kuipata si kazi kubwa. Chagua usiku wa baada ya tarehe 20 ya mwezi wa Kiislamu, ili mwezi usiwe umechomoza. Mwisho wa Januari, mnamo saa tatu usiku, kundi la Orion huwa karibu na utosi. Tandika mkeka, ulale chali, kichwa upande wa kibla na miguu kusini, ama sivyo shingo itakuadhibu. Tafuta Rigel, nyota nyeupe yenye kung'aa sana, ambayo jina lake latokana na neno la Kiarabu rijl, yaani mguu. Kusini yake wamelala nyota za Sungura, na iliyo kubwa miongoni mwao hadi leo huitwa Arneb, kutokana na arnab. Kutoka Arneb nenda magharibi, mkono wako wa kulia, hadi Mu Leporis. Endelea na mstari huohuo kwa umbali mfupi kidogo kuliko ule wa kwanza. Vuruga kioo kidogo ili nyota iwe duara dogo badala ya ncha, na rangi itajitokeza. Usiikodolee macho, kwani nyota nyekundu ikikodolewa huonekana kama inazidi kung'aa. Itupie jicho, uondoe, urudie.

Binti alimshikia shangazi darubini. Akafumba jicho la kushoto. Alikaa kimya, kisha akasema, “Hii si nyota. Hili ni kaa la chetezo.” Sisi tuliokuwa na macho mazima tulikuwa tumeona kitu cha rangi ya chungwa tu.

Kisha, bila kuambiwa, akafumba la kulia na kutazama kwa la kushoto. Akabadilisha tena, na tena. “Huku zote rangi ya samli,” alisema, “na kaa silioni.” Ndivyo mtoto wa jicho afanyavyo: lenzi hugeuka manjano ikaelekea kahawia, ikaizuia buluu isipite, hata nyota nyeupe na nyekundu zikakaribia kufanana, na zilizo hafifu zikapotea kabisa. Miaka mingapi alikuwa akiuona ulimwengu hivyo, naye akidhani ndivyo ulivyo?

Hakusema zaidi. Asubuhi, mbele ya chai na mahamri, aliuliza, “Hilo la pili, daktari alisema huchukua siku ngapi?”

Amepangiwa wiki ya kwanza ya Machi. Sungura atakuwa bado upande wa magharibi baada ya Isha hadi katikati ya Aprili, ikiwa nyota haitakuwa imekwisha kufifia. Ikififia, mwezi wa Mei tutaazima darubini ya bomba tuitafute DY Crucis, nyekundu kuliko hii, iliyojibana ubavuni mwa Mimosa katika Msalaba wa Kusini. Wasio na bomba wangoje Oktoba: TX Piscium, katika kundi la Samaki, yaonekana kwa darubini ya macho mawili bila taabu.

Ufunguo wa sutuhi hukaa kwa mlinzi. Siku hizi humpa shangazi kabla hajauomba.