Kupaka rimu seramiki: ufanye mwenyewe au umlipe fundi?

Leo nataka nipingane kidogo na ushauri tunaopeana kila siku humu: "Fanya kila kitu mwenyewe, uokoe gharama." Mimi ushauri huo ulinitoa hela, tena hela ya kikoba cha mama.

Nina fremu ndogo hapa Sokon I, Arusha. Nauza rimu za mtumba kutoka Japani, na wateja wangu wengi nawapata mtandaoni. Shule niliishia kidato cha nne. Biashara nimejifunza humu humu kwenye simu, kwa hiyo siwezi kudharau kujifunza mwenyewe. Ninachosema ni kwamba hesabu lazima ipigwe kwanza.

Kaka mmoja wa Njiro alinunua kwangu seti ya rimu nne za inchi 15 kwa 480,000. Mimi nilizinunua 380,000. Akaniuliza, "Dogo, unaweza kunipakia seramiki kabisa?" Nikajibu fasta: naweza, ongeza 60,000. Fundi nilikuwa nimeshamuuliza, alitaka 90,000 kwa rimu nne safi. Nikaona huyu anataka kula hela yangu. Nimeangalia video kibao, kitanishinda nini?

Nikanunua kichupa cha mililita 30 kwa 45,000, vitambaa na spiriti 12,000. Saa saba mchana nikatandika turubai nje ya fremu, nikaanza kazi. Jua linawaka, rimu zina moto, bodaboda zinapita na vumbi letu mnalijua.

Seramiki siyo kama nta ya kung'arishia viatu. Ni kimiminika chenye silika ambacho kikikauka kinashikana na rangi ya rimu na kuwa kigumu. Unapaka sehemu ndogo, unasubiri kidogo mpaka uone rangi rangi kama mafuta juu ya maji, halafu unafuta kwa kitambaa laini. Ukichelewa kufuta, kinaganda. Kwenye jua kinakauka upesi kuliko mkono wako. Mimi nilipofika rimu ya pili, ya kwanza ilikuwa na mabaka meusi meusi na vumbi limenasia humo humo. Nikafuta kwa spiriti, wapi! Ikishaganda inabidi isuguliwe kwa dawa ya kung'arishia na kuanza upya.

Nikarudi kwa fundi yule yule, kichwa chini. Kusugua na kupaka upya akataka 130,000. Nikalipa, maana mteja alikuwa anasubiri.

Pigeni hesabu na mimi. Faida ya rimu 100,000, ya kupaka 60,000, jumla 160,000. Toa 57,000 ya vifaa, toa 130,000 ya fundi. Nimepata hasara ya 27,000 kwenye mauzo ambayo yangenipa laki safi kama ningeuza rimu tu. Na Jumamosi mama alikuwa anatakiwa kurudisha hela kwenye kikoba. Kumwambia "mama, ongezea kidogo" kuliniuma kuliko hasara yenyewe.

Kitu kingine nilikiona baadaye: hata kama ningepaka vizuri kabisa, kwenye ile 60,000 ningebakiwa na 3,000. Kazi ya siku nzima! Nilijidanganya kwamba kichupa kitabaki cha kutumia kwa mteja mwingine. Kumbe kikishafunguliwa hakikai sana, kinaganda chenyewe. Na siku ile nzima sikujibu inboksi hata moja.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi usijifunze. Baadaye nilipaka rimu za gari ya mjomba wangu, ndani, jioni, mlango umefungwa, zikatoka vizuri. Ila kabla ya kuamua, siku hizi najiuliza maswali matatu.

1. Rimu ni ya nani? Kama ni yako au ya ndugu aliyekubali ujifunzie, paka. Kama mteja ameshalipa, siyo mahali pa kujifunzia.

2. Ziko ngapi? Seti moja kwa mwezi, mlipe fundi. Kama unapata seti kadhaa kwa wiki, hapo kichupa kinaisha kabla hakijaganda na mkono unazoea. Hapo kujifanyia kunalipa.

3. Una mahali? Unahitaji kivuli, pasipo na vumbi, na pa kuziacha zikauke siku nzima bila kuguswa na maji. Kama fremu yako iko barabara ya vumbi kama yangu, au ni masika, jibu unalo.

Na kazi kubwa siyo kupaka, ni kusafisha. Vumbi la breki ni chembe za chuma zenye moto, zinajichimbia kwenye rimu na sabuni ya kawaida haizitoi zote. Ukipaka juu yake, umefungia uchafu ndani.

Ukiamua kumlipa fundi, usimpe tu hela. Muulize anasafishaje kabla ya kupaka. Kama rimu ziko kwenye gari, muulize kama anazifungua. Dawa isiguse diski ya breki hata kidogo, hayo ni maisha ya watu. Omba uone kazi aliyoifanya miezi iliyopita, siyo ya jana. Ya jana zote zinang'aa.

Kwa mteja pia sema ukweli. Seramiki inafanya uchafu usigande na kuosha kuwe rahisi. Haizibi mikwaruzo wala haizuii jiwe la njia ya Tarangire. Na rimu inapata joto na matope kuliko bodi, kwa hiyo haidumu kama ya bodi. Ukimwahidi miaka mitano, atarudi kwako, hatamtafuta aliyetengeneza kichupa.

Najua kuna atakayesema: "Ukimpeleka mteja kwa fundi, fundi anakuibia mteja." Inawezekana. Ila mimi nauza rimu, yeye hana rimu. Tangu tuelewane, mteja akitaka seramiki namwambia wazi kuwa anapaka fundi fulani na bei yake ni hii, mimi naongeza 10,000 ya usumbufu wa kupeleka na kurudisha. Na yeye mteja wake akiharibikiwa rimu, ananipigia mimi.

Wewe unayeuza keki, mawigi au viatu, maswali ni hayo hayo. Kabla hujasema "nitafanya mwenyewe", andika kwenye karatasi: vifaa shilingi ngapi, muda wako shilingi ngapi, na ikiharibika nani analipa. Mimi sikuandika, akalipa mama.

Kuna kazi gani unafanya mwenyewe na unahisi inakula faida yako? Iandike hapa chini pamoja na bei zake, tuipigie hesabu wote.