Miaka saba ya mwakilishi wadi

Oktoba 2024 Seneti ya Kenya iliwaomba wananchi maoni kuhusu Mswada wa Marekebisho ya Katiba (Na. 2), ulioletwa na Seneta wa Nandi, Samson Cherargei. Mswada ulitaka muhula wa rais uwe miaka saba badala ya mitano. Ilikuwa miezi minne tu tangu vijana wajae barabarani kupinga Mswada wa Fedha, kwa hiyo jibu halikuchelewa: waliotoa maoni waliukataa kwa wingi mkubwa. Zogo lote lilimwangukia rais. Sehemu iliyowapa magavana na wawakilishi wadi (MCA) miaka saba vilevile ilipita kama abiria asiyelipa nauli.

Nadhani sehemu hiyo ndiyo itakayorudi. Kifungu cha 255 cha Katiba kinataja waziwazi kwamba muhula wa rais hauguswi bila kura ya maamuzi. Muhula wa gavana na wa MCA haukutajwa hivyo. Mawakili watabishana kama unaingia ndani ya muundo wa serikali ya ugatuzi, ambao nao umelindwa, lakini mwanasiasa mwenye subira ameshauona mlango: akipata theluthi mbili katika Bunge la Taifa na theluthi mbili katika Seneti, anaweza kujaribu bahati yake bila kumwita mwananchi kituoni. Ndiyo maana ni vizuri hoja hii ijadiliwe sasa, kwa upande wa kaunti peke yake, mbali na kelele za Ikulu.

Na tusijidanganye, hoja ina uzito. Chukua gavana aliyechaguliwa Agosti 9, 2022. Mwaka wa fedha ulikuwa umeanza Julai 1, kwa hiyo alikalia kiti akitumia bajeti iliyopitishwa enzi za mtangulizi wake. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano ambao kila kaunti inalazimika kuuandika ulianzia 2023. Bajeti ya kwanza aliyoipanga mwenyewe tangu mwanzo ni ya 2023/24. Kama ushindi wake ulipingwa, Mahakama Kuu pekee ilikuwa na miezi sita ya kuamua, kabla ya rufaa. Mwaka wa mwisho nao ni wa kampeni: mawaziri wa kaunti wanang'atuka kugombea viti, makarani wanangoja kuona upepo unavumia wapi. Ukitoa hayo yote, gavana anabakiwa na kama miaka mitatu ya kufanya kazi ametulia. Mradi wa maji unaohitaji kununua ardhi, kupata kibali cha mazingira na kutangaza zabuni huenda usikamilike ndani ya miaka hiyo mitatu hata kama kila mtu ni mwaminifu.

Lakini ni nani hasa anayekula muda huo? Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa miezi kadhaa kuhusu fomula ya kugawa fedha baina ya kaunti, wakaelewana Septemba, baada ya mwaka wa fedha kuanza. Mwaka 2024, baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, mgao wa kaunti ulioidhinishwa kuwa shilingi bilioni 400 ulipunguzwa, na Desemba ndipo ukatulia kwenye bilioni 387. Huko mashinani wanakandarasi walikuwa wakisubiri malipo, na greda likiwa limeegeshwa kwa kukosa mafuta. Ukiongeza miaka miwili kwenye muhula bila kugusa ratiba hiyo, umeongeza mivutano miwili ya mgao. Zaidi ya hapo, greda ambalo kwa sasa huonekana kijijini uchaguzi unapokaribia litachelewa zaidi.

Tena muhula wa kwanza kabisa wa ugatuzi haukufika hata miaka mitano. Ulianza na uchaguzi wa Machi 4, 2013 na ukakoma na ule wa Agosti 8, 2017: miaka minne na miezi mitano. Ni katika muhula huo ambapo Makueni, chini ya gavana Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wake wa afya ambao kaunti nyingine zilikwenda kuutazama. Na ni Makueni hiyohiyo inayonifanya nisite kila ninaposikia mtu akisema miaka mitano ni michache.

Kibwana na bunge lake la kaunti walikosana mapema. Bajeti ikawa uwanja wa vita, kila upande ukidai mwingine unataka kula. Septemba 2014, mjini Wote, ugomvi ulifikia hatua ya risasi kufyatuliwa na watu kadhaa wakajeruhiwa. Wakazi, waliokuwa wamechoka kuwa watazamaji, walikusanya sahihi kuomba serikali nzima ya kaunti isimamishwe, jambo ambalo Katiba inaliruhusu lakini halijawahi kutimizwa. Tume iliundwa chini ya wakili Mohammed Nyaoga, ikasikiliza watu, ikapendekeza kaunti isimamishwe kweli. Rais Uhuru Kenyatta alikataa mwaka 2015. Wakazi wakabaki na viongozi walewale wasiosalimiana, wakingoja kalenda. Kalenda ilipofika, Agosti 2017, walimrudisha Kibwana na kuwabwaga wengi wa wawakilishi wadi waliopigana naye.

Hebu sasa tuihesabu hadithi hiyo kwa mswada wa Cherargei. Kwa muhula wa miaka saba, bunge lile lililovurugana tangu mapema lingeendelea hadi 2020. Hata njia nzito kuliko zote ya kutatua mgogoro ilijaribiwa Makueni, na iliyofanya kazi ni moja tu: uchaguzi. Mwananchi wa kaunti karibu hana chombo kingine anachoweza kukishika kwa mkono wake mwenyewe. Gavana huweza kutimuliwa, na tumeona Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi wakiondolewa mwaka 2020, lakini kazi hiyo hufanywa na wawakilishi wadi na maseneta kwa sababu zao, nyingine nzuri na nyingine tusizoambiwa.

Na huyo mwakilishi wadi naye, ni nani wa kumtimua? Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mpiga kura haki ya kumrudisha nyumbani kabla ya muda. Ukiisoma kwa makini unaona jinsi haki hiyo ilivyofungwa kamba. Ombi haliwezi kuletwa kabla ya miezi 24 tangu uchaguzi, wala katika miezi 12 ya mwisho, na linahitaji sahihi za asilimia 30 ya wapiga kura wa wadi. Mwaka 2022 wapiga kura waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni 22 katika wadi 1,450, yaani kama 15,000 kwa wadi ya wastani. Asilimia 30 yao ni zaidi ya watu 4,500. Wapo MCA walioingia bungeni kwa kura pungufu ya hizo. Kuanza tu safari ya kumwondoa kunahitaji watu wengi kuliko waliomweka.

Kwa muhula wa sasa dirisha hilo lilifunguka Agosti 2024. Ombi lingepelekwa kwa nani? Tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na mwenyekiti wala kamishna kazini tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Hata chaguzi ndogo hazikufanyika. Wakazi wa Banissa, kaunti ya Mandera, walimpoteza mbunge wao Machi 2023 na hawakupata mwingine hadi Novemba 2025. Dirisha linafungwa Agosti 2026, na karibu nusu yake ililiwa na ofisi tupu.

Majirani wetu wa Uganda wanajua mwisho wa njia hii ya kurefusha mihula. Wenyeviti wa vijiji, yaani LC1, wale ambao barua yao inahitajika ukitafuta kitambulisho au ukiuza kiwanja, walichaguliwa 2001. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema chaguzi zao haziwezi kuendeshwa kwa utaratibu wa zamani usio wa vyama, na serikali ikaliacha jambo hilo kabatini. Uchaguzi uliofuata ulifanyika Julai 2018, watu wakijipanga nyuma ya wagombea. Mtoto aliyezaliwa wakati wa ule wa kwanza alikuwa amekaribia umri wa kupiga kura. Walipomaliza muhula wao 2023, waliongezewa muda tena. Hakuna aliyewahi kusimama akatetea mwenyekiti wa kijiji akae miaka 17. Ilitokea tu, kwa sababu hakukuwa na tarehe iliyomtisha mtu.

Atakayesema Ufaransa madiwani na mameya hukaa miaka sita na mambo yanaenda, hajakosea. Ila madiwani wa kule hawachaguliwi siku moja na rais. Kwetu Kenya mpiga kura hupewa karatasi sita kwa siku moja, na kwenye kampeni anaombwa avae suti nzima ya vipande sita vya rangi moja. MCA aliyeingia kwa wimbi la chama hajapimwa kwa kazi ya wadi, na hata ukomo wa mihula miwili unaombana gavana yeye haumhusu.

Ningekuwa tayari kumsikiliza anayetaka kumpa gavana miaka sita iwapo angekuja na mambo matatu mezani kwanza: uchaguzi wa kaunti utenganishwe na wa rais, MCA naye awekewe mihula miwili, na ile asilimia 30 ishuke hadi kiwango ambacho kikundi cha akina mama wa soko na vijana wa bodaboda kinaweza kukifikia bila kumtafuta tajiri wa kuwalipia usafiri.