Wabudha hawana msemaji mmoja

Aghalabu dini ya Kibudha inapotajwa, taswira inayowajia wengi ni ya Dalai Lama akitabasamu, au ya mtu aliyeketi akiwa amefumba macho na kutulia tuli. Ndiyo maana wengi walipigwa na butwaa mnamo Agosti 2017 jeshi la Myanmar, nchi ambayo wengi wa raia wake ni Wabudha, lilipowavamia Waislamu wa jamii ya Rohingya katika jimbo la Rakhine. Zaidi ya watu 700,000 walitorokea Bangladesh.

Butwaa hilo lilitokana na dhana kwamba Wabudha ni jamii moja yenye mkuu mmoja. Dini hii haina mwenye mamlaka mfano wa Papa. Dalai Lama huheshimiwa kote duniani, lakini ni kiongozi wa Wabudha wa Tibet, ambao ni sehemu ndogo ya waumini. Wenzao wa Myanmar, Thailand na Sri Lanka hufuata madhehebu ya Theravada yasiyomtambua kuwa kiongozi wao. Tofauti hizi si za majina tu. Nchini Japan, makasisi huoa na kuwarithisha wana wao mahekalu, ruhusa iliyotolewa na serikali mwaka wa 1872. Mtawa wa Thailand haruhusiwi hata kumgusa mwanamke.

Kwa hivyo Dalai Lama aliposema mnamo Septemba 2017 kwamba Budha angewasaidia Waislamu hao, kauli yake haikumfunga mtawa yeyote wa Myanmar.

Hata ndani ya Myanmar kwenyewe, watawa wanaovaa joho lile lile la rangi ya damu ya mzee hawakubaliani. Mnamo Septemba 2007 waliandamana kwa maelfu jijini Yangon dhidi ya utawala wa kijeshi, wakapindua mabakuli yao kuashiria kwamba hawatapokea sadaka ya wanajeshi. Kwa muumini anayeamini kuwa kumlisha mtawa humpa thawabu, adhabu hiyo ilikuwa nzito kuliko risasi.

Miaka michache baadaye sauti nyingine ilitamba. Mtawa Ashin Wirathu, aliyefungwa mwaka wa 2003 kwa uchochezi na kuachiliwa 2012, alizunguka akiwahimiza waumini wasusie maduka ya Waislamu. Mwaka wa 2015 bunge lilipitisha sheria zilizotatiza ndoa kati ya wanawake wa Kibudha na wanaume wa dini nyingine. Na mnamo Oktoba 2017, huku Warohingya wakiendelea kukimbia, mtawa mashuhuri Sitagu Sayadaw aliwasimulia wanajeshi kisa cha mfalme wa kale wa Sri Lanka aliyeliwazwa kwamba maelfu aliowaua vitani hawakuhesabika kuwa watu kamili, maadamu hawakuwa Wabudha. Kisa hicho hakikuhitaji ufafanuzi.

Hata hivyo, jarida la Time lilipomchapisha Wirathu kwenye jalada lake mwaka wa 2013 likimwita sura ya ugaidi wa Kibudha, lilikuwa limeangukia kosa la upande wa pili. Mwaka huo huo mjini Meiktila, mtawa Withuddha aliwafungulia mamia ya Waislamu milango ya makao yake huku wahuni wakichoma nyumba zao. Yeye pia ni Mbudha, na hakupewa jalada.

Nchini India, dini hiyo hiyo ina sura nyingine kabisa. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika tabaka lililodharauliwa, aliingia Ubudha mjini Nagpur mnamo Oktoba 14, 1956 pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi. Kwao ulikuwa njia ya kuukana utumwa wa matabaka, wala si ya kutuliza mawazo.

Swali la nani anasema kwa niaba ya nani limezuka tena. Mnamo Julai 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 90, Dalai Lama alitangaza kuwa wakfu wake pekee ndio utakaomtambua mrithi wake. Beijing inashikilia kwamba ni lazima iidhinishe. Kwa Watibet, hilo ni suala la kufa na kupona. Katika mahekalu ya Mandalay na mitaa ya mabanda ya Nagpur, yeyote atakayeteuliwa hatakuwa na amri.