Si Kila Baka ni Choa

Tunapoyaita maradhi yote ya ngozi upele, tunampa tabibu sababu ya kutotazama. Nasema haya nikiwa mwanaisimu, na pia mgonjwa wa miaka mingi wa soriasisi, maradhi yanayoifanya ngozi itoe magamba. Humu Nakuru niliandikiwa dawa ya choa mara tatu na matabibu ambao hawakunitaka hata nivue shati. Wa nne aliniangalia penye mwanga, akauliza habari za viungo na usingizi, ndipo akayataja maradhi kwa jina lake.

Soriasisi haiambukizi, wala haiponi kabisa, hutulizwa. Katika ngozi nyeusi mabaka yake huwa ya zambarau au kijivu, ilhali vitabu vingi huonyesha mekundu. Tangu 1992 kituo kilichoko Moshi kimekuwa kikiwafunza matabibu wa kanda hii maradhi ya ngozi. Kaunti zetu ziwapeleke wao pia.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulizihimiza nchi wanachama kupiga vita unyanyapaa wa soriasisi. Basi walimu wa Njoro, Molo na Gilgil, msimtenge mwanafunzi mwenye mabaka. Mwenye shaka amwelekeze hospitalini, na mzazi aulize jina la ugonjwa kabla ya kununua malhamu.