Ng'ombe wa Mama Si Dhamana

Huku Timboroa mtu akishindwa kulipa mkopo, majirani hawaulizi alikopa wapi. Wanauliza mke wake ana ng'ombe wangapi. Swali hilo nimelisikia kwenye vibanda vya viazi na karoti kando ya barabara ya Nakuru–Eldoret, nimelisikia nje ya kanisa, nimelisikia kwenye mikutano ya chama. Kila mara huulizwa kwa upole, na anayeuliza tayari ana jibu lake: waliooana ni mwili mmoja, basi na deni lao ni moja. Akianguka mmoja, mwenzake auze.

Naipinga imani hiyo kutoka mizizi hadi matawi. Kisheria ni uongo. Kimahesabu ni hasara. Na kwa boma linalodaiwa, ndiyo inayogeuza shida ya mtu mmoja kuwa umaskini wa watu wote.

Tuchukue boma la kawaida la huku juu, kwenye baridi hii ya zaidi ya mita 2,700. Mume analima viazi, mke anafuga. Kabla ya mvua mume anachukua mkopo wa Sacco anunue mbegu na mbolea, anaongeza wa benki, na mapengo ya katikati anayaziba kwa mkopo wa simu wa Fuliza. Mvua inakubali. Tatizo ni kwamba imekubali kwa kila mtu, mashamba yote yanavunwa wakati mmoja na bei inaanguka. Kanuni za mwaka 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini mkulima aliyesimama barabarani jioni na mzigo unaoanza kuoza hubebesha gunia kadiri mwenye lori anavyotaka. Mkopo unachelewa. Mume ananyamaza. Mke anakuja kujua siku barua ya madai inapoletwa nyumbani na mtu asiyemfahamu.

Hapo ndipo wazee wanapokaa. Uamuzi wenyewe hauchukui muda: wauzwe ng'ombe wawili. Fedha zinamaliza riba na adhabu, mkopo wenyewe unabaki ulivyokuwa. Baada ya miezi miwili wanauzwa wengine. Mwisho wa yote deni lipo, ng'ombe hawapo, na maziwa yaliyokuwa yakilipa karo yamekatika. Boma lilikuwa na mapato mawili, moja likiwa limekwama. Sasa halina hata moja, na watu wanasema mama huyo ni mke mwema.

Ni mwema, ndiyo. Lakini hakuna aliyemwambia ukweli: hakuwa akidaiwa.

Deni huzaliwa na saini. Mkopeshaji ana mkataba na mtu aliyeutia saini, na ndoa peke yake haimwongezi mtu wa pili kwenye karatasi hiyo. Hili si jambo geni lililoletwa juzi. Kwa miaka mingi mahakama zetu zilitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 iliyomtambua mwanamke aliyeolewa kuwa mtu mwenye mali yake mwenyewe. Mwaka 2013 Bunge likatunga yetu, Sheria ya Mali ya Wanandoa. Inasema mali ambayo si ya ndoa haibadilishi mwenyewe kwa sababu tu mtu ameoa au ameolewa. Inasema pia kwamba deni alilokuja nalo mtu kuhusu mali yake kabla ya ndoa linabaki lake, isipokuwa mali hiyo iwe imegeuka kuwa ya ndoa. Hata katika kumbukumbu za CRB, yaani ofisi za taarifa za mikopo, kila mtu yumo kwa nambari yake ya kitambulisho. Jina la mume likichafuka huko, la mke halichafuki kwa kuwa wanalala nyumba moja.

Najua jibu la wanaoijua sheria. Watanionyesha kifungu cha 10 cha sheria hiyohiyo, kinachosema wanandoa watabeba kwa usawa madeni yaliyochukuliwa wakati wa ndoa kwa manufaa ya ndoa. Ni kweli kipo, na ni cha haki: mkopo uliojenga nyumba yenu au kusomesha watoto wenu si mzigo wa mmoja. Lakini kisome tena. Kinapanga hesabu kati ya mume na mke. Ninavyokielewa, hakimkabidhi mkopeshaji saini ambayo hakuiomba siku ya kutoa fedha. Na neno zito ndani yake ni "manufaa". Mkopo uliochukuliwa kwa siri na kuishia kwenye kamari ya simu haugeuki kuwa wa familia kwa sababu aliyeuchukua ana familia.

Zipo njia ambazo mwenza huingia deni kwa kweli, nazo ni za kuhesabu kwa vidole. Ya kwanza ni mkopo wa pamoja, wenye saini mbili. Ya pili ni udhamini, hasa wa Sacco, ambapo mke anamdhamini mume kwa akiba yake au mume anamdhamini mke. Ya tatu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mwenza aridhie ndipo nyumba ya ndoa iwekwe rehani, na sheria ya 2013 inataka ridhaa hiyo iwe ya maandishi, tena ya mtu aliyeelewa anachokikubali. Akishaitia saini kwa kuelewa, benki inaweza kuinadi nyumba hata kama yeye hakula shilingi moja.

Sasa tazama uovu wa imani hii ya deni moja. Sheria imemwekea mama mlango wa kusema hapana, au walau wa kuuliza: kiasi gani, riba gani, tukishindwa itakuwaje? Yeye anaupita mlango huo bila kusimama, kwa kuwa ameambiwa tangu harusini kwamba amekwisha kufungwa. Anayeamini amekwisha kufungwa haoni sababu ya kuikagua kamba. Anatia saini ukurasa wa mwisho, anarudi kukamua. Imani iliyokuwa uongo asubuhi imekuwa kweli jioni, kwa kalamu yake mwenyewe.

Madhara ya pili ni makubwa zaidi, nayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Kwa sababu tunaamini deni litamfuata mwenza, tunaogopa kulitangaza. Tangu mwaka 2015 Kenya ina Sheria ya Ufilisi iliyofuta ile ya zamani, ambayo watu waliijua kama sheria ya kumwaibisha mtu gazetini. Sheria mpya ina njia kadhaa kabla ya mtu kutangazwa muflisi. Mdaiwa anaweza kuomba mapatano ya hiari na wadai wake: anaandaa pendekezo la atakavyolipa, anasimamiwa na mtaalamu mwenye leseni, mahakama inaweza kuwazuia wadai kwa muda wakati pendekezo linazungumzwa, kisha wadai wanapiga kura. Likipita, anayelipa analipa kwa ratiba inayojulikana. Ipo njia ya kulipa kidogo kidogo chini ya amri. Na ipo ya mtu asiye na mali yoyote ya kuuza, ambaye madeni yake hayazidi shilingi milioni 4.

Ukimtajia mtu mambo haya, jibu la kwanza ni: "Na mke wangu je? Si wataandika jina lake pia?" Basi anaacha. Anarudi kukopa kwa jirani ailipe Sacco, akope kwa simu amlipe jirani. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, na matanga haya yanafanyika kila mwisho wa mwezi.

Jibu la kweli ni hili. Mapatano ya mmoja ni ya mmoja. Mwenza hawi mdaiwa kwa sababu mwenzake amekaa mezani na wadai. Mali yake aliyoipata kwa jasho lake haiingii kwenye pendekezo asilolitoa. Kama dalali wa mnada atakuja na amri dhidi ya mume, akafunga ng'ombe wa mke, mke ana haki ya kuweka pingamizi mahakamani na kuonyesha kwamba mnyama ni wake. Ndiyo maana risiti ya kununulia ndama, kadi ya maziwa yenye jina lake na akaunti yake ya Sacco si karatasi za kuwashia jiko. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wa Januari 2023 wa kesi ya wanandoa Ogentoto, ilisema mchango wa kila mwanandoa katika mali ya ndoa huthibitishwa, haukisiwi. Asiye na karatasi ana maneno tu.

Sitamdanganya msomaji kwamba mwenza hataguswa. Ataguswa, tena sana. Mpango wa mmoja unakula bajeti ya wawili: kile ambacho mume angetoa kwa karo na mbolea sasa kinaenda kwa wadai, na mke atajikuta akibeba sehemu kubwa zaidi ya nyumba. Akiba iliyochanganywa kwenye akaunti ya majina mawili itazua maswali, hivyo fedha za kila mmoja zitenganishwe mapema na kwa uwazi. Aliyedhamini atabaki mdhamini: mapatano ya mdaiwa hayamfutii mdhamini saini yake. Mwenye rehani ya ardhi hawezi kulazimishwa na kura za wadai wengine kuiacha rehani yake. Na mkopo mpya wa pamoja utakuwa mgumu kwa miaka kadhaa. Hizo ndizo gharama. Lakini zinahesabika, zina tarehe ya mwisho, na zinamwachia mke ng'ombe wake wakiendelea kukamuliwa. Kuuza ng'ombe kwa siri hakuna tarehe ya mwisho.

Wapo watakaosema dawa ya deni ni kulipa, na kwamba ninawafundisha watu kukwepa. Dawa ya deni ni kulipa, naam, na mapatano ni kulipa: kwa aliyekopa, kwa mali yake, kwa mwendo anaouweza. Anayekwepa ni yule anayekimbilia bodi ya ardhi kubadilisha shamba liwe jina la mke wiki moja kabla ya kudaiwa. Huyo asijipongeze, maana mahakama inaweza kuibatilisha zawadi ya namna hiyo, na amemwingiza mkewe kwenye kesi isiyo yake. Kutenganisha mali kunakofaa ni kule kulikokuwapo tangu mwanzo, kila mtu akijua chake kwa karatasi.

Wala hili si suala la akina mama peke yao. Yuko mwalimu ambaye mkewe amekopa kwenye vyama vitatu, naye anaambiwa mwanamume wa kweli hulipa. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, ili mfanyakazi arudi nyumbani angalau na theluthi. Sheria ilijua kwamba nyumba lazima ile. Mwalimu akiitoa theluthi hiyo aliyoachiwa ili azibe deni asilolikopa, ameivunja kinga ambayo hata mwajiri wake hawezi kuivunja.

Na aibu tuiweke mahali pake. Mwezi Novemba 2022 Benki Kuu ilipotangaza mpango wa kusafisha majina ya waliokwama na mikopo ya simu, wahusika walikuwa zaidi ya milioni 4. Hiyo si aibu ya boma moja la Timboroa. Ni hali ya nchi, na mtu anayesema wazi kwamba amekwama yuko katikati ya umati.

Kwa hiyo ninawaomba wazee wetu wabadili swali. Kikao kikikaliwa, kabla ya kuhesabu ng'ombe, iletwe karatasi ya mkopo isomwe kwa sauti: nani alitia saini, nani alidhamini, rehani ni nini. Ninawaomba viongozi wa Sacco wasimpe mwenza fomu ya udhamini mpaka amesomewa kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kikalenjin, na kupewa siku za kufikiri. Ninawaomba makasisi wanaofungisha ndoa waseme kwamba mwili mmoja ni upendo na uaminifu, na uaminifu huo unaanza kwa mtu kumwambia mwenzake anadaiwa nini.

Na wewe uliye na deni lisilojulikana nyumbani, lisema leo jioni, kabla barua haijalisema. Kisha nenda kwa uliowakopa, uombe ratiba ya maandishi. Na kama madeni ni mengi kuliko nguvu zako, nenda kwa ofisi ya Mpokezi Rasmi, ofisi ya serikali inayoshughulikia ufilisi, au kwa wakili uulize kuhusu mapatano. Beba jina lako. Mwache mwenzako na lake.

Ng'ombe wa mama si dhamana ya mkopo ambao mama hakuutia saini. Anayetaka kumfungua kutoka zizini aonyeshe karatasi kwanza.