Ziwa Halina Bamvua: Neno "Mzunguko" na Maji ya Rusinga

Wahenga walinena kwamba maji yakijaa hupwa. Methali hii tumeirithi kutoka pwani, na aliyeitunga aliijua vyema bahari yake. Bahari ya Hindi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua. Kati ya vipindi hivyo huja maji mafu. Mvuvi wa Lamu au wa Pemba aweza kuhesabu kwa vidole siku ambayo mwamba utakuwa wazi. Kwake yeye, subira ni hesabu, wala si tumaini tupu.

Sisi tuliozaliwa kando ya Ziwa Viktoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe, tuliipokea methali hiyo pamoja na lugha yenyewe. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tuliipokea bila kuuliza kama ziwa letu lina mwezi wa kuliongoza. Halina. Ziwa hujaa na kupungua, hilo ni kweli, lakini halina bamvua. Na kudhani kwamba linayo kumeanza kuwagharimu watu nyumba zao.

Mwaka 2020, maji yalipopanda na kumeza fuo nyingi za Homa Bay, Jaduong' mmoja wa kijiji chetu kisiwani Rusinga alinipeleka hadi penye mkuyu uliosimama mbali kidogo na ufuo wa zamani. Akaugusa kwa fimbo. "Nyakwara," akaniambia, "maji yalifika hapa nilipokuwa kijana, kabla Mboya hajauawa. Yakaondoka. Haya nayo yataondoka, na hayatarudi kabla ya miaka sitini. Ni mzunguko." Niliamini. Mwanawe pia aliamini, na maji yaliposhuka alijenga tena palepale, kwa mabati mapya. Mei 2024 maji yaliingia tena katika nyumba ile, miaka minne tu baada ya yale ya kwanza.

Je, Jaduong' alikosea? Jibu langu ni kwamba alipatia katika ushahidi na akakosea katika hitimisho. Ni muhimu tuyatenganishe mambo haya mawili, maana wasomi aghalabu huyakataa yote kwa pamoja au huyakubali yote kwa pamoja.

Tuanze na ushahidi. Vipimo vya kimo cha ziwa vimekuwa vikichukuliwa tangu mwaka 1896, na vinamuunga mkono mzee yule. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ambazo Wakenya wengi walizipa jina la mvua za Uhuru, zililiinua ziwa kwa takribani mita 2.5 kufikia Mei 1964. Rekodi hiyo ilidumu zaidi ya nusu karne, hadi ilipopitwa Mei 2020. Mkuyu ule, basi, ni kipimo halali, na kumbukumbu ya mzee ni hati isiyo na wino.

Mashaka yanaanzia kwenye neno "mzunguko". Neno hili lina mvuto wa kisanaa. Sisi wanafunzi wa fasihi tunajua jinsi msikilizaji anavyoburudika hadithi inapomalizikia ilipoanzia. Matukio mawili yanayofanana yanatosha kutushawishi kwamba kuna duara. Hata hivyo, nukta mbili hazifanyi duara. Zinafanya mstari, na mstari huo waweza kuelekea popote.

Wataalamu nao waliwahi kunaswa na mvuto huohuo. Mwaka 1923 mwanahali-hewa Mwingereza C. E. P. Brooks alionyesha kwamba kimo cha Ziwa Viktoria kilikuwa kikipanda na kushuka sambamba na madoa ya jua, ambayo huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Vipimo vya wakati huo vilimruhusu kusema hivyo. Ziwa lilikuwa juu mnamo 1906 na 1917, madoa yalipokuwa mengi. Likawa chini mnamo 1902 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1920, madoa yalipokuwa machache. Nani angebisha? Lakini kabla muongo wa 1920 haujaisha, uwiano huo ulianza kuvunjika. Kilele cha 1964 kilitokea katika mwaka ambao madoa ya jua yalikuwa machache kabisa. Kilele cha 2020 nacho kilikuja miezi michache tu baada ya jua kufikia kiwango chake cha chini, Desemba 2019. Laiti wavuvi wetu wangejenga vibanda vyao kwa kufuata kalenda ya jua, wangejenga majini.

Nini basi hulijaza ziwa? Takribani asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya uso wake, na sehemu kubwa ya maji hayo hurudi angani kwa mvuke. Mito huleta yaliyosalia, nayo yanayobaki hutokea Jinja kuingia katika Nile, ambako tangu 1954 mkono wa mwanadamu umekuwa ukifungua na kufunga. Mvua ikizidi mvuke, ziwa hupanda; mvuke ukizidi mvua, hushuka. Mnamo 2005 na 2006 lilishuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Ukame ulichangia, na maji mengi yaliyoachiliwa katika mabwawa ya Nalubaale na Kiira yalichangia pia. Katika kushuka huko, mzunguko hauonekani. Zinaonekana mbingu na vyuma.

Kwa mintarafu ya mvua kubwa, wanasayansi huitazama Bahari ya Hindi. Upande wake wa magharibi, ulio karibu nasi, unapopata joto kuliko upande wa mashariki, mvua za vuli huongezeka sana Afrika Mashariki. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, na ikawa hivyo tena 2019. Hesabu mwenyewe, msomaji: kutoka tukio la kwanza hadi la pili ni miaka 36, kutoka la pili hadi la tatu ni miaka 22. Huu ni mchezo unaojirudia bila ratiba.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi wanalugha moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulichunguza kasi ya kupanda kwa ziwa katika miezi sita iliyotangulia Mei 2020, yaani mita 1.21. Ulikadiria kwamba, katika hali ya hewa ya sasa, kupanda kwa kasi hiyo hutarajiwa mara moja katika miaka 63 hivi, na kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu limeongeza uwezekano huo kwa karibu mara 1.8. Watafiti wenyewe walikiri kuwa makadirio hayo yana mashaka mapana. Lakini hebu tuisome ile namba 63 kama anavyoisikia mtu wa kawaida: "mara moja katika miaka 63." Jaduong' angetikisa kichwa na kusema, "Si niliwaambia?"

Sivyo. Namba ile haisemi kwamba tukio likishakuja litapumzika miaka 63. Inasema kwamba kila mwaka, ukiwemo mwaka unaofuata, kuna nafasi moja kati ya 63. Ni kama kurusha dadu yenye pande 63. Dadu haikumbuki ulichopata jana. Kijana anayejenga nyumba anayotumaini kuishi kwa miaka 30 anakabiliwa na uwezekano unaozidi theluthi moja kwamba atalishuhudia tukio la namna hiyo. Akielezwa hivyo, huenda akasogea juu ya mlima. Akielezwa kwa lugha ya "mara moja katika miaka 63", atanunua mabati.

Kwa hiyo kosa la mwana wa Jaduong' si lake peke yake. Ni la sisi tunaotafsiri taarifa za hali ya hewa kwa maneno ya kalenda, pale ambapo tungetumia maneno ya bahati nasibu.

Najua kuna watakaonipinga kwa kusema kwamba tabianchi imebadilika tangu kale, na kwamba Rusinga yenyewe ni shahidi. Naam, tena ni shahidi asiyeshindika. Mary Leakey alipofukua fuvu maarufu la Proconsul kisiwani hapa mwaka 1948, aligusa mabaki ya kiumbe wa kale mno (wataalamu sasa humwita Ekembo) aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita, Rusinga ilipokuwa na msitu mnene. Katika tabaka changa zaidi za kisiwa hikihiki hupatikana mifupa ya wanyama wa mbuga kavu. Na miaka kama 16,000 iliyopita ziwa zima lilikuwa limekauka. Mizunguko ya kweli pia ipo: jinsi dunia inavyoyumba katika mhimili wake hubadilisha mvua za kitropiki kwa vipindi vya miaka elfu ishirini hivi.

Lakini hoja hiyo inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba tabianchi hubadilika inaposukumwa. Haithibitishi kwamba hurudi ilikotoka kwa ajili ya kutufurahisha. Msitu wa Ekembo haujarudi. Wala mzunguko wa miaka elfu ishirini hauwezi kueleza mambo yaliyotokea kati ya babu na mjukuu wake.

Hoja ya namna hii husikika kwingineko pia. Marekani wapo wanaoukumbusha ulimwengu kiangazi cha 1936, ambacho rekodi zake za joto katika majimbo kadhaa hazijavunjwa hadi leo, ili kusema kwamba joto la sasa si jipya. Joto la 1936 lilikuwa kali kweli, nalo lilichochewa na ukame na ardhi iliyolimwa hadi ikabaki vumbi. Lakini lilikuwa joto la eneo moja. Mwaka 2024, ambao dunia nzima ilipata joto kuliko mwaka wowote uliowahi kupimwa, wastani ulizidi ule wa kabla ya enzi ya viwanda kwa takribani nyuzi 1.55. Mwezi Machi mwaka huohuo Sudan Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto. Na hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Anayeishi kando ya ziwa linalojazwa na mvua hana budi kuitafakari asilimia hiyo.

Je, fasihi simulizi yetu ilifundisha mzunguko? La hasha. Huko Karachuonyo kuna ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi yanasema palikuwa na kijiji kilichomnyima bikizee mgeni hifadhi, na usiku huohuo mvua ikakizamisha. Katika hadithi ile maji hayaji kwa sababu zamu yake imefika. Yanakuja kwa sababu ya jambo ambalo watu wamelitenda, na wanaookoka ni waliosikia onyo wakaondoka. Sidai kwamba wazee walijua habari za hewa ukaa. Nasema tu kwamba walikuwa na lugha ya sababu na ya onyo, nasi tumeibadilisha kwa lugha ya zamu.

Ninapendekeza mambo mawili kwa wanachama wenzangu. Kwanza, tunapokwenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo, tuwaulize pia wazee: maji yalifika wapi, mwaka gani, na mti gani ulisalimika? Kila mkuyu wa namna ile uwekewe alama ya rangi, kijiji kikubaliane kwamba chini yake hapajengwi shule, zahanati wala choo. Tena alama ya 1964 isichukuliwe kuwa mwisho wa maji, kwani imekwisha kuvukwa. Pili, tunapotafsiri taarifa za mafuriko na joto, tuliepuke neno "mzunguko" pale ambapo hakuna mzunguko. Tuseme "huenda hata mwakani."

Likizo iliyopita nilimtembelea Jaduong'. Nilimweleza habari ya dadu kwa Kijaluo, kwa shida kidogo. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa mwanangu akajenge wapi, na shamba lake lote liko chini ya mkuyu?" Swali hilo ni la serikali ya kaunti, la ukoo na la sheria ya ardhi. Lakini halikuweza hata kuulizwa wakati tulipoamini kwamba tuna miaka sitini ya kusubiri.